Kichupa cha Kumi na Tatu

Mashine ile ilikuwa na jina refu la kiwandani ambalo hakuna aliyelitumia. Watu wa maabara waliiita Mama Mkwe, kwa sababu huingii kwake bila kujiandaa, na hata ukijiandaa vipi hakosi la kusema. Kila asubuhi lazima kwanza umpashe moto, umsafishe mirija, umpe kitu anachokijua akipime mpaka aridhike, ndipo umletee chako. Ukimletea uchafu anakununia siku mbili. Lakini ukimheshimu, Mama Mkwe alikuwa na uwezo wa kupima uzito wa vitu vidogo kiasi kwamba ukimsimulia mtu wa mtaani atadhani unamtania.

Aliyemmudu kuliko wote alikuwa mpimaji mmoja, mwanamke wa miaka thelathini na minane, ambaye wenzake walimwita Bi Makombo. Hakulipenda jina hilo, ila alikuwa amelipata kihalali. Hakuwahi kutupa kitu. Sampuli ikishapimwa, kile kilichobaki alikitia kwenye kichupa, akaandika tarehe, akakifukia kwenye friza. Friza ikajaa hadi mlango wake ukawa unafungwa kwa goti. Profesa, mkuu wa maabara, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, alikuwa amemwandikia barua tatu za kumtaka aisafishe. Bi Makombo alizisoma zote tatu kwa adabu.

Jumatano hiyo, saa tisa alasiri, alikuwa amekaa mbele ya skrini. Mama Mkwe alikuwa amemaliza kichupa cha kumi na mbili kati ya kumi na vitatu.

Vichupa kumi na viwili vya kwanza vilitoka kwa wagonjwa kumi na wawili wa selimundu, waliojitolea kumeza kidonge kipya kwa miezi miwili. Vilikuwa na namba tu, hakuna majina, na orodha ya majina alikuwa nayo nesi peke yake. Bi Makombo alijua jambo moja ambalo namba hazikumficha: mmoja kati ya wale kumi na wawili alikuwa mdogo wake. Ni kipi kati ya vichupa, hakujua, na Profesa alihakikisha hajui.

Mdogo wake huyo, ambaye nyumbani walimwita Kitinda, maana ndiye aliyefunga tumbo la mama yao, alikuwa fundi cherehani. Tangu utotoni maumivu yalikuwa yanamwingia bila hodi, mifupani na kifuani, na kila yalipokuja yalimlaza hospitali wiki nzima. Kwa hiyo hakuwahi kupokea kazi kubwa. Alipunguza suruali, alibadilisha zipu, alishona gauni moja moja. Kazi ya mwezi mzima aliikataa hata kabla mteja hajamaliza sentensi, kwa sababu asingeweza kumwahidi mtu kwamba mwisho wa mwezi atakuwa amekaa kwenye cherehani na si amelala kitandani.

Siku Kitinda alipoombwa kujiunga na utafiti, Bi Makombo alikaa naye kwenye chumba cha kushonea akamweleza kwa lugha ya humo humo chumbani.

"Mwilini mwako kuna uzi mrefu wa maagizo. Umezungushwa kwenye bobini ndogo ndogo. Hizo bobini ndizo tunaziita histoni."

"Ziko ngapi?"

"Hazihesabiki. Sasa sikiliza. Ulipokuwa tumboni kwa mama ulikuwa na damu ya kichanga, na hiyo haijipindi kama mundu. Ulipozaliwa, mwili ukakaza uzi wa yale maagizo. Haukukatwa, Kitinda. Upo. Umekazwa tu, hausomeki."

"Uzi ukikazwa sana kwenye bobini hauchomoki," Kitinda alikubali. Hilo alilijua kuliko profesa yeyote.

"Basi kwenye bobini mwili hubandika vibandiko vidogo, vinaitwa asetili. Vikiwa vingi uzi unalegea, maagizo yanasomeka. Tatizo, kuna vimeng'enya kazi yao ni kuvibandua. Kidonge kinawafunga mikono hao wabanduaji."

"Na wewe kazi yako?"

"Kuhesabu vibandiko."

Kitinda aliweka mkasi chini. "Miaka yote ile ya shule, dada, mama anauza mpaka kuku, kumbe unakwenda kusomea kuhesabu vibandiko?"

Walicheka hadi Kitinda akashika kifua. Lakini kuvihesabu hakukuwa mchezo. Mama Mkwe haoni kibandiko. Anaona uzito tu. Kwa hiyo Bi Makombo alichukua histoni zilizotolewa kwenye damu, akazijaza nafasi zote zilizokuwa tupu kwa asetili nzito ya kutengenezwa kiwandani. Alipaka mara mbili, kama fundi wa ukuta asiyeiamini rangi yake. Baada ya hapo hakuna nafasi iliyobaki wazi, na mashine ikipima, chepesi ni cha mwili na kizito ni cha fundi. Unagawanya, unapata jibu. Kabla ya kidonge, wagonjwa wale walikuwa na vibandiko vyao wenyewe kumi na mbili hivi kwa kila nafasi mia.

Asetili hiyo nzito ilikaa kabatini kwenye chupa ndogo ya kahawia, ubavuni mwa chupa nyingine ya kahawia yenye asetili ya kawaida, nyepesi. Zote zilinuka siki ya kuchoma pua. Ili asizichanganye, Bi Makombo alizungushia nzito utepe mwekundu kwenye kifuniko. Profesa alipouona utepe huo alisema, "Bandika kwenye chupa, mama. Kifuniko hakina kwao." Bi Makombo alijibu kwamba yeye si mtoto.

Na kichupa cha kumi na tatu? Hicho kilikuwa cha Bi Makombo mwenyewe. Ilikuwa desturi ya maabara ile tangu Profesa aianzishe: mpimaji naye apimwe. Kila kundi la sampuli likienda kwenye mashine, anayeliendesha anatoa damu yake, inapita njia ile ile, mkono ule ule, inapimwa ya mwisho. Bi Makombo hamezi kidonge chochote, kwa hiyo namba yake haina sababu ya kuhama. Kwa miaka sita ilikuwa kumi na mbili. Mwaka mmoja wa mafua makali ilifika kumi na tatu, akataniwa wiki nzima.

Sasa tazama skrini ya Jumatano. Kichupa cha kwanza: sitini na moja. Cha pili: sitini na nne. Cha tatu: sitini. Bi Makombo alikuwa amejiombea ishirini tu. Ishirini ingetosha kuishawishi kamati inayokutana Ijumaa saa nane mchana, kamati ambayo kama isingeona dalili yoyote ingeusimamisha utafiti na kurudisha vidonge vyote. Damu yenyewe huchukua miezi kubadilika. Vibandiko ndivyo hutangulia kusema. Na Kitinda, ambaye kidonge kilimtapisha kila asubuhi, alikuwa ameshatoa tangazo lake: "Ijumaa wakisema hakuna kitu, natupa vyote chooni. Nimechoka kuahidiwa."

Sitini na mbili. Sitini na tano. Wote kumi na wawili.

Kichupa cha kumi na tatu kilibakiza saa nzima. Kanuni inasema husemi neno mpaka kundi lote lisomwe, na hata hapo humwambii mgonjwa. Atasema nesi, baada ya kamati. Bi Makombo alizijua kanuni hizo, nyingine aliziandika yeye mwenyewe. Akatoka koridoni, akapiga simu.

"Kitinda. Imefanya kazi. Wote, mdogo wangu. Wote!"

Upande wa pili akasikia mtu analia kwa sauti ya chini, kilio cha mtu aliyezoea kulia bila kusumbua wodi. Baadaye Kitinda akasema, "Kuna shule wanataka niwashonee sare mia mbili. Niliwaambia hapana. Dada, niwaambie ndiyo?"

"Waambie ndiyo," alisema Bi Makombo, akazima taa ya maabara, akaenda nyumbani akiimba. Haraka haraka haina baraka, hilo tunawaambia watoto, halafu wenyewe tunakimbia.

Alhamisi asubuhi alifungua jibu la kichupa cha kumi na tatu akiwa bado amening'iniza mkoba begani.

Sitini na mbili.

Aliketi. Alijikagua akilini: nilimeza nini? Hakumeza kitu. Damu yake haikuwa imeona kidonge hata kwa mbali, na bado ilisimama mstari mmoja na ya wagonjwa. Ndipo akaona alichopaswa kukiona jana. Watu kumi na wawili, wanene kwa wembamba, wazee kwa vijana, na wote sitini na kitu. Hata watoto wa tumbo moja hawafanani hivyo.

Alikwenda kabatini. Akatoa chupa yenye kifuniko chekundu, akaigeuza asome lebo ndogo ya kiwandani iliyo ubavuni. Nyepesi. Kifuniko chekundu kilikuwa kimehamia kwa jirani. Jumatatu alikuwa amezifungua zote mbili kwa pamoja ili atengeneze mchanganyiko wa kumpimisha Mama Mkwe. Simu ikaita, akajibu, akazifunga huku anaongea. Kisha akafungua ile nyekundu, akapaka mara ya kwanza. Jumanne, kwa kuwa ile ilikuwa inaishia, alipaka mara ya pili kwa chupa mpya kutoka stoo, nzito kweli, lakini nafasi zilikuwa zimeshajaa nusu na zaidi kwa asetili nyepesi, ambayo mashine haina njia ya kuitofautisha na ya mwili. Furaha yote ile ya jana ilikuwa siki.

Wazo likambishia hodi, na tusijifanye kwamba wazo la namna hiyo huwabishia wabaya peke yao. Kichupa cha kumi na tatu ni chake. Vichupa huvunjika. Angesema kimevunjika, kamati ingefurahi, vidonge vingeendelea, na Kitinda angeshona sare zake. Alilitazama wazo hilo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukumbuka baadaye. Kisha akamwona Kitinda anainama kwenye beseni kila asubuhi, mwaka baada ya mwaka, kwa ajili ya namba iliyotoka kwenye chupa. Alisikia aibu mwili mzima. Akainuka.

Profesa alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Kifuniko," alisema.

"Hakina kwao," Bi Makombo alijibu, macho chini.

"Damu ya miezi miwili ya wale watu imekwisha. Kesho saa nane niko mbele ya kamati na mikono mitupu."

"Damu imekwisha, Profesa. Histoni hazijaisha. Nilitumia nusu. Nusu nyingine ya kila kichupa iko kwenye friza."

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Zile barua zangu tatu."

"Nimezihifadhi."

"Najua umezihifadhi, wewe hutupi kitu." Mdomo wake ulicheza kidogo, halafu ukatulia. "Sikiliza, mama. Kukosea chupa kumenikuta hata mimi. Umemwambia mtu?"

"Mdogo wangu. Jana."

"Kwa chupa nakusamehe sasa hivi. Kwa hilo la simu, anayesamehe si mimi. Nitaliandika kwenye ripoti, na wewe utakwenda kwake leo, kwa miguu yako, si kwa simu. Lakini kwanza kazi."

Siku hiyo Bi Makombo hakula. Alibandika utepe kwenye chupa yenyewe, ubavuni na chini. Alipaka mara ya kwanza huku msaidizi wa chumba cha pili akisimama pembeni anasoma lebo kwa sauti kama karani anayesoma michango ya harusi. Akaosha, akakatakata protini, akapaka mara ya pili. Saa kumi na moja jioni alipanga vichupa kumi na vitatu kwenye mashine, akamwachia Mama Mkwe kazi yake, akaenda.

Chumba cha kushonea kilikuwa kimejaa kitambaa cha bluu. Marobota yalipangwa mpaka dirishani. Kitinda alikuwa anakata kola, futi ya kupimia shingoni, anavuma wimbo. Alimwona dada yake mlangoni, akaacha kuvuma kabla hata hajaambiwa kitu.

Bi Makombo alisema yote amesimama. Alisema chupa, kifuniko, simu. Alisema, "Zile namba nilizokwambia si za kweli. Za kweli sizijui. Huenda ni nzuri, huenda hakuna kitu."

Kitinda hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Maisha yangu yote," alisema, "watu wananiletea habari nzuri. Shangazi, majirani, wauza mizizi. Utapona, utapona. Wewe hukuwahi. Wewe ulikuwa unaniambia sijui, Kitinda, ngoja tupime. Ndiyo maana nilikubali kumeza yale mavidonge yenu." Akakunja kola moja, akaikunjua. "Nimewapigia shule. Nimesema ndiyo, dada. Kwa mdomo huu."

"Najua. Nimekukosea."

"Yako ulikuwa hujaiangalia?"

"Ilikuwa ya mwisho. Sikuingoja."

Kitinda akarudi kwenye mkasi wake. "Kesho anza na yako," alisema, akaanza kukata kola nyingine.

Ijumaa saa mbili asubuhi Bi Makombo alikuta Mama Mkwe amemaliza, taa yake ya kijani inawaka. Majibu kumi na matatu yalikuwa yamejipanga. Alipeleka mkono kwenye la kwanza, akauvuta, akashuka hadi la mwisho.

Kumi na mbili.

Hajawahi mtu kufurahia namba ndogo namna ile. Ilikuwa yeye, kama alivyokuwa miaka sita. Sasa aliweza kuwatazama wengine usoni. Wa kwanza: kumi na tisa. Wa pili: ishirini na tatu. Wa tatu: kumi na mbili, hakuna kitu. Wa nne: ishirini na moja. Aliendelea polepole, anaandika kila mmoja kwa kalamu kabla ya kumgusa mwingine. Tisa walikuwa wamepanda. Watatu walikuwa pale pale walipokuwa. Safari hii namba zilitofautiana, kila moja na tabia yake, kama watu wanavyotofautiana.

Saa nane Profesa aliiwekea kamati majibu yote, ya uongo na ya kweli, na ripoti ya kurasa mbili. Mwenyekiti aliuliza kwa nini waliamini kundi la pili ikiwa la kwanza liliwadanganya watu hao hao. Profesa akaweka kidole kwenye mstari wa kumi na tatu. "Kwa sababu huyu ndiye aliyetuambia la kwanza ni la uongo," alisema. "Na la pili kalipitisha." Kamati ilikaa saa moja na nusu. Ikaongeza miezi sita, kwa atakayependa kuendelea, na wote wapimwe tena tangu Jumatatu.

Nesi aliwapigia wagonjwa wote simu jioni hiyo: tisa wamepanda, watatu bado, nani ni nani hatusemi mpaka mwisho. Bi Makombo hakumpigia mdogo wake. Alisubiri kupigiwa. Jumamosi ikapita, Jumapili ikapita.

Jumatatu alikaa kwenye chumba cha kutolea damu tangu saa moja, mkono wa shati ameukunja, kwa sababu mpimaji naye apimwe. Wagonjwa wakaja mmoja mmoja. Saa nne walikuwa kumi. Saa tano akaja wa kumi na moja, mzee aliyelalamikia foleni isiyokuwepo. Nesi akatazama orodha, akatazama saa ya ukutani, akaanza kufunga kisanduku chake. Bi Makombo alitazama kiti kilichobaki kitupu, akajiambia kwamba amejitakia.

Mlango ukasukumwa. Kitinda aliingia anahema, futi ya kupimia bado iko shingoni, vinyuzi vya bluu vimemganda kwenye sketi.

"Samahani nesi, nilikuwa namalizia mikono arobaini. Ya mashati, si ya watu." Akaketi kwenye kiti kitupu, bega kwa bega na dada yake, bila kumtazama. "Tisa kwa tatu," alisema, kama anayezungumza na ukuta. "Nimewahi kukata kitambaa cha watu kwa matumaini madogo kuliko hayo."

"Huenda uko kwenye wale watatu," Bi Makombo alisema kwa sauti ndogo. Ilimuuma kulisema, lakini alilisema.

"Huenda." Hapo Kitinda akamgeukia, na macho yake yalikuwa na maji na kicheko kwa pamoja. "Huyo ndiye dada ninayemjua. Shule nimewaambia ukweli wote. Wamesema hata nikiugua wataningoja."

Akaweka mkono wake mezani, karibu na ule wa dada yake. Nesi alichukua sindano, akamsogelea yeye kwanza, kama ilivyo kawaida, mgonjwa kabla ya mpimaji.

"Hapana," alisema Kitinda. "Anza na dada."